Amplifaya ya mzee inakata upande mmoja: nitengeneze au ninunue mpya?

#1 – Mleta mada, Morogoro

Wakuu, heshima kwenu. Naomba mawazo ya wanaozijua redio za zamani.

Nimerithi amplifaya ya marehemu baba. Ni ya Kijapani, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, uso wa alumini, nzito kiasi kwamba huibebi kwa mkono mmoja. Kitabu chake bado ninacho, kinasema wati 60 kwa kila upande kwenye spika za omu 8. Chapa siitaji makusudi. Nikiitaja tu, uzi utageuka ligi ya Sansui na Pioneer na swali langu litazama.

Hali yake ni hii. Ukiiwasha usiku kwa sauti ndogo, upande wa kushoto haupo. Ukipandisha sauti ghafla unarudi, ukishusha unaweza kubaki au ukapotea tena. Kitufe cha sauti kinakwaruza kila ukikizungusha. Halafu kuna mngurumo mdogo kwenye spika zote mbili, unausikia wimbo ukiisha. Lakini pande zote zikiwepo, sijasikia kitu kinachopiga rumba kama hii. Magitaa yote unayasikia, kila moja limekaa pake.

Fundi mmoja wa hapa mjini anataka tung'oe vyote vya ndani, tubaki na boksi na transfoma, afunge bodi mpya ya transista za C5200 na A1943. Dukani wakaniambia nisipoteze hela, nichukue sabufa yenye spika tano na rimoti, imeandikwa PMPO (nguvu ya kilele inayodaiwa) 12,000W. Na vijana nyumbani wanataka Bluetooth. Nimetenga laki tano. Nifanye lipi?

#2 – Fundi redio, Temeke

Mkuu, Mungu amrehemu mzee. Kwanza kabisa, usikubali king'olewe kitu.

Upande unaopotea kwa sauti ndogo na kurudi ukipandisha, mara nyingi sana ni rilei ya spika. Ukiwasha mashine, baada ya sekunde chache unasikia "tak". Hiyo ndiyo rilei inaunganisha spika baada ya umeme wa ndani kutulia. Ndani yake kuna vidoto viwili vya chuma vinavyogusana, na kwa miaka 40 vimeshika kutu nyembamba na masizi ya cheche. Mkondo mdogo wa sauti ya usiku hauwezi kupenya utando ule, ukipandisha sauti unaupasua. Dawa ni rilei mpya yenye volti ileile ya koili, nyingi ni 24, na mpangilio uleule wa miguu. Usisugue ya zamani kwa msasa. Inapona kwa muda, kisha inaungua haraka zaidi kwa sababu umeondoa ngozi nzuri ya juu.

Ila kabla ya kununua, fanya jaribio la bure. Zima mashine, kisha bonyeza na kuachia mara nyingi swichi zote za mbele: tape monitor, mode, speaker A na B. Tape monitor ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na sauti yote inapita humo. Kama tatizo linahama au linapungua, basi ni swichi. Dawa yake, na ya kitufe cha sauti pia, ni kisafishio cha vigusio vya umeme kama DeoxIT, ukipuliza ndani kidogo na kuzungusha kutoka mwanzo hadi mwisho. WD-40 ile ya kawaida iache kwenye bawaba za mlango.

Mngurumo nao una njia ya kuuliza. Chomoa waya zote za nyuma, baki na spika tu, sauti iwe sifuri. Ukiisha, tatizo liko kwenye waya au kwenye vyombo ulivyounganisha. Ukibaki vilevile, shuku kapasita kubwa za pawa, yale makopo yanayohifadhi umeme na kuusawazisha. Umeme wetu ni hezi 50, ukishapita kwenye daraja la dayodi linalougeuza kuwa DC (umeme wa upande mmoja) mawimbi yake yanakuwa 100 kwa sekunde. Kwa hiyo mngurumo wa kapasita zilizochoka huwa juu kidogo kuliko ule wa waya wa ethi. Sikio likizoea linatofautisha.

Kwa jinsi ulivyoeleza, hii mashine haijafa. Imechoka sehemu tatu, na zote tatu ni za bei ndogo.

#3 – Nairobi

Mimi nitapingana na fundi, kwa heshima. Nilikuwa na integrated (amplifaya kamili ya boksi moja) ya enzi hizohizo. Leo unabadilisha rilei, mwezi ujao kapasita, baadaye transista inalia. Spea unazitafuta Luthuli Avenue mpaka miguu inauma, na nusu yake ni feki. Nikauza, nikachukua kiboksi kidogo cha daraja D (class D, aina ya amplifaya inayowasha na kuzima umeme kwa kasi) chenye chipu ya TPA3255 ya Texas Instruments. Kinatoshea kiganjani, kina Bluetooth, hakipati moto, na kwa spika zangu sijaona upungufu wowote. Stima inayokula ni kidogo sana, kwa sababu mashine za aina hiyo zinageuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa sauti kwenye nguvu kubwa. Za zamani za daraja AB, sehemu kubwa inaishia kuwa joto.

Ndugu yangu wa Morogoro, kumbukumbu ya mzazi ni kitu kizito, hilo naliheshimu. Lakini kama unachotaka ni muziki, laki tano yako inanunua kitu kipya na chenji inabaki.

#4 – Fundi redio, Temeke

Kaka wa Nairobi, chipu hiyo ni nzuri kweli, sina ubishi. Nazifunga mwenyewe kwa wateja wanaoanza na hawana kitu. Ila tahadhari moja kwa wanaosoma: ukiona kiboksi kimeandikwa wati 300 mara mbili, geuza adapta yake uisome. Adapta ya volti 48 ampea 5 ni wati 240 jumla. Hakuna njia wati 600 zikatoka humo. Zikitoka 100 safi kila upande, umepata kitu kizuri.

Na hapo ndipo naomba niseme juu ya PMPO, kwa sababu watu wetu wanaumizwa sana. Ile namba haina kipimo chochote kinachoibana. Kila mtengenezaji anaandika anachotaka. Geuza hiyo sabufa utafute bamba la nyuma linalosema inakula umeme kiasi gani. Ukikuta wati 80, basi wati 12,000 zinatoka wapi? Marekani walipambana na uongo wa namna hii zamani. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, iliweka kanuni kwamba anayetangaza nguvu ya amplifaya ya nyumbani aitaje ile inayotolewa mfululizo, aseme ni kwa omu ngapi na sauti inaharibika kwa kiasi gani. Wajapani walikuwa wanauza kule kwa wingi, wakaifuata. Ndiyo maana wati 60 kwenye kitabu cha mzee ni wati 60 za kweli. Huenda hata zimepunguzwa.

Mfano ninaoupenda ni NAD 3020 ya mwaka 1978, iliyobuniwa na Erik Edvardsen. Ilitangazwa wati 20 tu kwa upande. Ikawashinda wakubwa wenye namba nene, kwa sababu pawa yake ilikuwa na akiba ya kubeba kishindo cha ghafla cha ngoma bila sauti kupasuka.

Mleta mada, usidanganyike pia kwamba kuongeza wati kutabadilisha nyumba. Ukitoka 60 ukaenda 120, umeongeza desibeli 3. Unasikia tofauti, lakini si kubwa. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani wati 600. Hela hiyohiyo ukiiweka kwenye spika zinazotoa desibeli 90 badala ya 87 kwa wati zilezile, umepata zile desibeli 3 bila kugusa amplifaya.

#5 – Unguja

Assalaam alaykum. Nachangia la huku pwani, maana mashine hizi tunazipata sana mtumba kutoka Japani na Ulaya.

La kwanza ni voltage. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ni ya volti 100. Nyuma imeandikwa 100V na mara nyingi haina swichi ya kuchagua. Mtu akiichomeka kwenye 230, transfoma inakwenda palepale, na transfoma ikishakwenda ndugu yangu umebaki na boksi. Wengine wananunua transfoma ya kushusha ya volti 120 wakidhani ni karibu tu. Si karibu. Ni asilimia 20 zaidi, na volti za ndani zinapanda kwa kiasi kilekile: zilizokuwa 40 zinakuwa 48, na kapasita za volti 50 zinabaki ukingoni. Kama yako ina swichi ya nyuma yenye 220 na 240, iweke 240. Mashine itapumua.

La pili ni wadudu na chumvi. Fungua kifuniko utazame kabla ya kutia umeme. Nimekuta mende, viota vya nyigu wa udongo, na mijusi iliyokauka juu ya miguu ya fyuzi. Mjusi mmoja akilala kati ya mistari miwili ya pawa anachoma transista za upande mzima. Brashi laini na kipulizo, basi.

#6 – Mleta mada, Morogoro

Wakuu nawashukuru sana. Swichi ya nyuma ipo, ilikuwa 220, nimeweka 240. Kubonyeza swichi hakukubadilisha kitu, upande wa kushoto bado unapotea. Mngurumo unabaki hata nikichomoa waya zote.

Nimefungua kifuniko pamoja na kijana mmoja aliyesoma VETA, ana mita nzuri. Hatujaona kilichoungua. Ila kwenye mizizi ya kapasita nyingi kuna gundi ya rangi ya kahawia, ngumu kama kaukau, na baadhi ya miguu ya resista jirani imekuwa kijani. Je, hii ndiyo kapasita imevuja? Na nibadilishe kapasita zote?

#7 – Fundi redio, Temeke

Hapana mkuu, hiyo si kuvuja. Ni gundi ya kiwandani, waliitumia kushikilia vitu visitikisike safarini. Ilikuwa ya rangi ya krimu. Ikizeeka na kupata joto inakuwa kahawia, inakula miguu ya vifaa, na mbaya zaidi inaanza kupitisha umeme. Ikwangue yote taratibu kwa kijiti cha mbao au plastiki, usikwangue kwa bisibisi, kisha mguu wowote uliooza badilisha kifaa chake. Amplifaya nyingi zinazohukumiwa kifo zinauawa na gundi hii tu.

Kabla ya hapo, kipimo kimoja kinachoamua karibu kila kitu. Ondoa spika kabisa. Sauti sifuri, hakuna kilichochomekwa. Washa, subiri dakika kama 20 mashine ipate joto lake, kisha weka mita kwenye milivolti za DC, upime kwenye vituo vya spika, kushoto na kulia. Chini ya milivolti 50, lala usingizi. Ikifika 100, kuna kinachohama, kitafutwe. Ikiwa ni volti nzima, usirudishe spika kamwe. Umeme ule wa DC utasukuma wufa (spika ya besi) nje na kuichoma koili yake.

Na kila mara mkishagusa ndani, msiwashe moja kwa moja ukutani. Fungeni balbu ya nyuzi ya wati 60 mfululizo na waya wa umeme, mpite humo. LED haifai. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, ni salama. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, na balbu imeshawaokolea transista. Kapasita kubwa zimwagwe umeme wake kwa resista ya wati kadhaa, si kwa kuzichapa bisibisi.

Sasa kapasita. Zinazokauka ni zile za elektroliti, zenye maji ndani. Nyingi za enzi hizo ziliandikwa 85°C, na ahadi ya kawaida ya kapasita ya namna hiyo ni saa 2,000 kwenye joto hilo. Kila ukishuka nyuzi 10, umri unaongezeka maradufu. Ndani ya boksi lenye nyuzi 45 unapata kama saa 32,000. Kwa mtu anayesikiliza saa tatu kwa siku ni karibu miaka 29. Boksi likiwa na nyuzi 55, kwa sababu limewekwa ndani ya kabati au limefunikwa kitambaa cha kushona, umri unakatika nusu. Hesabu ya mashine ya mzee wako imeshakwisha vyovyote. Kwa hiyo mngurumo ule si ajabu.

Anza na zile mbili kubwa za pawa, kisha zile ndogo zilizo karibu na vyanzo vya joto, kisha zilizo kwenye njia ya sauti. Za filamu na za kauri ziacheni, hazina ugonjwa huu. Volti iwe ileile au zaidi, maikrofaradi ziwe zilezile au juu kidogo, na chukueni za 105°C. Nichicon, Rubycon, Panasonic zinatosha, kutoka kwa muuzaji anayeaminika. Na badilisheni chache kwa wakati mmoja, mkijaribu kila hatua. Mkibadilisha 40 kwa mkupuo na moja ikageuzwa miguu, hamtajua pa kuanzia.

#8 – Nairobi

Fundi, unasema vizuri, nimejifunza kitu. Lakini hebu tuambie basi ni wakati gani hata wewe unasema hii iachwe. Maana kwa hesabu yako hakuna amplifaya inayokufa.

#9 – Fundi redio, Temeke

Zipo, kaka, na huwa namwambia mwenye mali bila kumzungusha.

Transfoma ikiungua na si aina inayopatikana, naacha. Kuisuka upya inawezekana, lakini msukaji asiyejua hesabu atakurudishia mngurumo wa maisha. Bodi iliyoungua ikawa makaa, pia naacha, kwa sababu makaa yenyewe yanapitisha umeme.

Ya tatu ni mashine zilizotumia moduli nzima ya kutoa sauti, zile STK za Sanyo. Biashara ya chipu ya Sanyo ilinunuliwa na ON Semiconductor mwaka 2011, na nyingi za namba za zamani hazitengenezwi tena. Zilizojaa sokoni ni feki. Unafunga leo, kesho imekufa na spika imekwenda nayo. Ukiona STK imekufa na huna chanzo cha kuaminika, tafuta mashine nyingine.

Yenye transista zilizosimama moja moja ni tofauti, mbadala upo. Hata zile ndogo za mwanzoni zinazoleta sauti ya kukaanga mafuta, 2SC458 na 2SA726, zina mbadala mzuri: KSC1845 na KSA992. Mhakikishe tu mpangilio wa miguu kwenye karatasi ya mtengenezaji.

Na kwa nini nilikataa bodi ya C5200? Transista yenyewe ni nzuri mno, Toshiba hawakukosea. Lakini zinazouzwa mtaani kwa bei ya soda nyingi si za Toshiba. Ukizivunja, kipande cha silikoni ndani ni kidogo kuliko punje ya mchele, hakiwezi kubeba mzigo ulioandikwa. Zaidi ya hapo, ukifunga bodi ile unapoteza toni, sehemu ya kuchomekea kicheza santuri, ulinzi wa spika, na thamani yote ya mashine. Unabaki na boksi la zamani lenye kitu cha kubahatisha ndani.

Sababu ya nne ya kuiacha ni ya mwenyewe: akihitaji kitu ambacho mashine haina na haiwezi kuongezewa. Kama unataka HDMI ya televisheni na rimoti kwa ajili ya mama asiyeweza kuinuka, nunua mpya, hakuna aibu. Yamaha na NAD bado wanatengeneza integrated za kawaida zenye namba za kweli. Bluetooth peke yake si sababu. Kipokezi kidogo kinachomekwa kwenye AUX, kazi imekwisha.

#10 – Mwanza

Naongeza dogo. Mleta mada hujasema spika ni zipi. Kama ni za umri huohuo, bonyeza taratibu pete ya sponji inayozunguka wufa. Sponji ya zamani huoza kwa joto na unyevu, inabaki unga. Watu wengi wanailaumu amplifaya kwa besi mbovu kumbe pete imekatika. Pete mpya zinabandikwa, koni haibadilishwi. Na msiunganishe A na B pamoja kama kila jozi ni omu 4. Inabaki omu 2, na transista za zamani hazikupangiwa hilo.

#11 – Mleta mada, Morogoro

Wakuu, narudi na majibu.

Vipimo vya vituo vya spika: kulia milivolti 18, kushoto 31, na havikuhama mashine ilipopata joto. Kijana wa VETA alifurahi kuliko mimi. Ndani ni transista zilizosimama zenyewe, nne kubwa, hakuna STK. Gundi tumeikwangua yote kwenye bodi ya pawa. Resista mbili na dayodi moja miguu ilikuwa imeliwa, tumebadilisha. Tulipita kwenye balbu, ikamulika na kufifia kama ulivyosema fundi.

Rilei mpya ya volti 24 imefungwa, na kitufe cha sauti kimesafishwa. Upande wa kushoto sasa upo hata sauti ikiwa chini kabisa, usiku watoto wamelala. Sponji za wufa ni nzima, spika ni za omu 8 na natumia jozi moja tu. Kipokezi cha Bluetooth kimekaa AUX, vijana wameridhika.

Kwa hiyo sinunui mpya, na sabufa nimeiacha dukani. Kilichobaki ni mngurumo. Kapasita kubwa ni mbili za maikrofaradi 10,000 volti 50, na volti tulizopima kwenye kila moja ni 39. Fundi, nikikuletea kipimo cha upana na urefu wake, unaweza kunitafutia Kariakoo za volti 63 zinazoingia kwenye vishikio vilevile? Hela iliyobaki kwenye ile laki tano ipo, sijaigusa.

#12 – Fundi redio, Temeke

Zipo mkuu. Nitumie upana kwa milimita na picha ya miguu. Ikiwa ni za skrubu na mpya ni za miguu mifupi ya kubonyeza, tutatengeneza kibodi kidogo cha kuzishikia, hatutatoboa chasisi. Ukishazifunga, pima tena vituo vya spika kabla ya kuunganisha.